Mzigo Ubebwe Mzima au Ufunguliwe? Tabora na Safari ya Kutoka Hadidiski Kwenda SSD

Mwenye steshenari akifika asubuhi huwasha kompyuta kwanza, ndipo achukue ufagio. Anafagia ndani, anafagia baraza, anamwagia maji vumbi la mbele ya duka, anaifunua mashine ya fotokopi, na akirudi mezani kile kiduara bado kinazunguka. Mteja wa kwanza keshasimama mlangoni na flashi mkononi.

"Shikamoo mama, naomba kuprinti barua."

"Marahaba mwanangu. Subiri iwake."

Hilo "subiri iwake" nimelisikia Tabora nzima, kuanzia Kanyenye hadi Isevya, na kwa miaka mingi tumelipokea kama tunavyolipokea jua la Oktoba. Siku hizi lina dawa, na dawa yenyewe inafika kwa basi kutoka Kariakoo ndani ya bahasha: kiboksi bapa, chepesi, cha inchi 2.5, kinachoitwa SSD. Kukichomeka ni kazi ya skrubu chache. Kinachosumbua hakionekani kwa macho. Ile Windows iliyokaa kwenye hadidiski miaka minane, pamoja na programu zake, draiva zake za printa na kila kilichowahi kuingizwa humo, inahamaje? Unaibeba nzima ilivyo, yaani unaikloni, au unaiacha huko na kupiga window mpya?

Mafundi wamegawanyika kambi mbili, na kila kambi inaapa kwa njia yake. Nikiwasikiliza, naona wote wanatoa jibu kabla ya kuuliza lililo la msingi: ndani ya mashine hii kuna kitu gani ambacho kikipotea hakipatikani tena? Jibu la hapo ndilo linaloamua njia.

Mji huu uliwahi kuishi kwa swali la namna hiyohiyo. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani, wapagazi wao walishusha mizigo wakaagana nao. Ndiyo iliyokuwa desturi ya njia. Msafara wa pwani uliishia Unyanyembe, na mwenye kutaka kuendelea Ujiji, au kupanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, alitafuta wapagazi wengine. Majora ya nguo, shanga na waya wa shaba vilifunguliwa na kuhesabiwa. Vilivyoloa na vilivyoibwa vikajulikana. Vilivyosalia vikafungwa upya kwa mabega mapya. Kazi hiyo ilikula siku nyingi, wakati mwingine wiki, lakini bila hiyo, mzigo uliofungwa vibaya Bagamoyo ungefika Ujiji umefungwa vibaya vilevile.

Kabla ya kuchagua njia, tuanze na uzito wenyewe wa mashine, maana wengi wanasingizia virusi au "RAM ndogo". Hadidiski ni sahani zilizopakwa sumaku, na kwenye laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kuzigusa, kwa mwanya wa nanomita chache tu. Mara 5,400 kwa dakika ni mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 na ushee. Kichwa kikitumwa kusoma kipande kidogo cha faili, kwanza kinasogea hadi kwenye mstari wake, milisekunde 12 hivi. Kisha kinasubiri sahani izunguke na kukiletea hicho kipande, wastani wa nusu mzunguko. Jumla karibu milisekunde 18 kwa kipande kimoja. Windows inapowaka haisomi faili moja refu. Inaokota maelfu ya vipande vilivyotawanyika diski nzima. Tuchukue vipande 10,000: kwa mwendo huo ni dakika tatu, na bado hujafungua Word.

Si kwamba hadidiski ni mvivu wa kila kitu. Ipe filamu moja ndefu, itakusomea megabaiti 100 kwa sekunde bila kuhema. Ni treni ya reli ya kati: kwenye njia nyoofu inakwenda vizuri, kinachokula siku ni kusimama Igalula, kusimama Goweko, kusimama Malongwe, kusimama Itigi.

SSD haina sahani wala kichwa. Ina chipu za flashi, teknolojia aliyoibuni Mjapani Fujio Masuoka akiwa kampuni ya Toshiba miaka ya 1980, na kukifikia kipande chochote kunachukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vipande vilevile 10,000 vinaokotwa kwa sekunde moja. Muda unaobaki ni wa prosesa kufanya kazi yake, na hapo ndipo unapoona mashine ya mwaka 2012 inawaka kwa sekunde ishirini hivi, mwenyewe anashangaa kana kwamba ameletewa nyingine. Kasi ya megabaiti 550 kwa sekunde inayoandikwa kwenye maboksi ni mapambo tu kwa mtu wa Word na Excel. Hata laptopu kongwe ambayo njia yake ya SATA inafikia nusu ya kasi hiyo itapona, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa kusubiri.

Na RAM je? Mashine yenye gigabaiti 2 ikibebeshwa Windows 10 itahangaika hata ukiipa SSD ya dhahabu, hiyo iongezewe RAM kwanza. Kuanzia gigabaiti 4 kwenda juu, mwenye hela ya kitu kimoja anunue SSD. Hapo sina wasiwasi.

Kuna faida nyingine ambayo mafundi wa Dar hawaitaji sana lakini sisi wa bara tunaijua. Kompyuta zetu zinasafiri. Laptopu ya mwalimu inapakiwa kwenye bodaboda kwenda shule ya kata, ya karani wa chama cha msingi cha tumbaku inazungushwa vijijini msimu mzima wa masoko, na barabara za huko hazimwonei huruma mtu, sembuse kichwa kinachoelea kwa nanomita chache. Mashine ikiwa inawaka huku inarushwarushwa, kichwa kinaweza kugusa sahani, na mkwaruzo huo haufutiki. SSD haijali tuta.

Sasa ununuzi, kabla hatujafika kwenye kuhama. Laptopu nyingi za mtumba zilizojaa mjini zinakubali SSD ya inchi 2.5 inayokaa palepale ilipokuwa hadidiski. Nyingine, hasa za kuanzia mwaka 2015 na kuendelea, zina tundu jembamba la M.2, na hapa ndipo watu wanapoliwa. Kipande cha M.2 kinaweza kuwa cha SATA au cha NVMe. Vinafanana kama mapacha, vinaweza hata kuingia tundu moja, lakini mashine iliyotengenezewa kimoja haiwezi kukisoma kingine. Tena laptopu ya zamani unaweza kuichomekea NVMe kwa adapta, ikaiona kama ghala la faili, lakini ikakataa kuwaka kutoka humo kwa kuwa BIOS yake, ile programu ndogo inayoiwasha mashine, haijawahi kufundishwa. Soma kwanza aina ya mashine, ndipo uagize. Kurudisha mzigo Kariakoo kutoka Tabora ni kilomita zaidi ya 800 za kujuta.

Halafu bandia. SSD ya "terabaiti 2" kwa bei ya gigabaiti 240 ni ganda lenye chipu ndogo ndani na programu iliyofundishwa kusema uongo. Windows inaiona terabaiti 2 kamili, faili zinaingia kwa furaha, na zikishajaza ile chipu ndogo, mpya zinaandikwa juu ya za zamani kimyakimya. Ukweli unajulikana kwa kuijaza yote kisha kuisoma tena, na programu za bure kama H2testw zinafanya kazi hiyo. Fanya hivyo kabla hujahamishia kitu chochote. Mtu aliyehamisha mfumo wake kwenye SSD ya uongo akafuta ile ya zamani hana wa kumlilia.

Kuhama kwenyewe nilifundishwa na ujinga wangu. Mara ya kwanza nilipojaribu, nilifungua C, nikachagua vyote, nikakopi, nikapesti kwenye SSD iliyochomekwa kwa kebo ya USB. Nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikabadilisha diski, nikawasha, skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza ukiniambia hakuna kifaa cha kuwashia. Faili zangu zilikuwamo, kasoro zile zilizokataa kunakiliwa kwa sababu Windows ilikuwa inazitumia wakati huohuo. Kilichokosekana ni njia.

Kompyuta haiwaki kutoka C moja kwa moja. Kwenye mashine za mtindo wa zamani, BIOS inasoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, iitwayo MBR. Hiyo inaelekeza kwenye patisheni ndogo iliyofichwa, ya megabaiti 100 kwenye Windows 7 na kubwa kidogo kwenye zilizofuata. Na humo ndimo mnamoandikwa Windows iko wapi. Kwenye mashine mpya, UEFI, mrithi wa BIOS, inatafuta patisheni nyingine, iliyopangwa kwa FAT32, kwenye diski iliyogawanywa kwa mpango unaoitwa GPT. Vyote hivyo havionekani ukifungua Kompyuta Yangu, na kukopi na kupesti hakuvigusi. Programu ya kukloni ndiyo inayovichukua, kwa kuwa yenyewe inanakili diski kwa ramani yake nzima, patisheni zinazoonekana na zisizoonekana.

Mipango hiyo miwili, wa MBR na wa GPT, haichanganyiki ovyo. Tabora tunaelewa vizuri mfano wake: reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya SGR inayojengwa kutoka Makutupora kuja kwetu ina milimita 1,435, na behewa la huku haliendi kule hata ulipake rangi mpya. Windows iliyowekwa kwa MBR ikikloniwa kwenye mashine inayotaka UEFI pekee, itanyamaza. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina zana yake ya kubadili MBR kuwa GPT bila kufuta faili, na inafanya kazi vizuri, ila iwe na nakala pembeni.

Tukija kwenye kukloni, kosa linalorudiwa zaidi ni la ukubwa. Hadidiski ni ya gigabaiti 500, SSD ni ya 240. Mteja anasema haitatosha. Inatosha, mradi kilichojaa ndani ni, tuseme, gigabaiti 150. Lakini patisheni lazima ipunguzwe ili iingie, na namna ya kuipunguza ina hatari zake. Programu nyingine zinapunguza wakati wa kunakili, kwa kuandika upande wa SSD tu. Hadidiski haiguswi, umeme ukikatika unaanza upya na hujapoteza kitu. Clonezilla, ambayo ni ya bure na imetengenezwa Taiwan, ni kali zaidi: kwa kawaida inataka diski ya kupokea isiwe ndogo kuliko ya kutoa, kwa hiyo fundi analazimika kuipunguza kwanza hadidiski yenyewe. Hapo faili zinahamishwahamishwa ndani ya diski ambayo ndiyo nakala pekee uliyonayo. Ikitokea TANESCO wakakata katikati, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, unaweza kupoteza vyote. Nimeona mafundi wakiogopa kukloni na kutoogopa kupunguza. Ingefaa iwe kinyume chake.

Muda nao uhesabiwe. Kwa tundu la USB la kizazi cha pili, gigabaiti 120 kwa megabaiti 35 kila sekunde ni karibu saa nzima. Kwa USB ya kizazi cha tatu inapungua hadi dakika 20 au 25, maana hapo kinachochelewesha ni hadidiski yenyewe. Mwenye laptopu anashukuru betri yake, kama bado inashika chaji.

Yapo mengine madogo yanayoangusha watu. Ile tabia ya Windows ya kulala nusu badala ya kuzima kabisa izimwe kabla ya kunakili. Diski iliyofungwa kwa BitLocker ifunguliwe kwanza, au angalau ule ufunguo mrefu wa tarakimu 48 uwe umeandikwa mahali. Na baada ya kukloni, mashine iwashwe mara ya kwanza ikiwa na SSD peke yake. Diski mbili zenye alama moja ya utambulisho zikiwa pamoja, Windows huizima mojawapo, au inawaka kutoka ya zamani na wewe unadhani uko kwenye mpya, ukashangaa mbona haijabadilika. Kama mashine ni ya Windows 7 na ilikuwa imewekwa katika hali ya IDE, namna ya zamani ya kuzungumza na diski, ukiigeuza kuwa AHCI ya kisasa bila kuitayarisha utapata skrini ya bluu. Kuna thamani moja ya kubadilisha ndani ya rejista, fundi mzoefu anaijua.

Halafu swali gumu kuliko yote: hadidiski inayokufa. Wateja wengi hawaji kwa kutaka kasi, wanakuja kwa sababu mashine inaganda, inatoa mlio wa tik-tik, inawaka leo inakataa kesho. Kumkloni mgonjwa wa namna hiyo ni kumkimbiza mbio ndefu. Programu ya kawaida ikifika kwenye sekta mbovu inang'ang'ania, inasoma tena na tena, kichwa kinachoka, na zilizokuwa nzima zinakufa na mbovu. Kwanza fungua programu ya kupima afya kama CrystalDiskInfo, utazame idadi ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri. Zikiwa zimeanza kupanda, usiipeleke kwenye ukaguzi wa chkdsk, ambao utaihangaisha zaidi. Okoa nyaraka na picha kwanza, kwa mkono, ukianza na zile ambazo mwenyewe angezililia. Zikiisha, kama bado unataka diski nzima, tumia ddrescue ya Linux: inapita juu ya zilizo nzima kwanza, inaandika daftari la palipokataa, kisha inarudi baadaye kujaribu tena. Anayeanza na kukloni hapa, kwa maoni yangu, anacheza kamari na mali ya mtu.

Kambi ya pili inasema: achana na yote hayo, piga window mpya. Hoja yao nzito ni usafi. Kompyuta za steshenari ni njia panda ya flashi za mji mzima, na kila flashi inaacha chake. Ukikloni diski yenye kirusi umekloni na kirusi, sasa kinakimbia kwa kasi ya SSD. Nyingi ya Windows hizo zimeaktivetiwa kwa programu za wizi, ambazo zenyewe ndizo mlango wa wezi. Kuna na suala la kalenda: Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa kawaida waliojiandikisha kwa nyongeza walipewa masahihisho ya usalama ya hadi 13 Oktoba 2026. Mashine nyingi za mtumba zina prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane na hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo Windows 11 haizitambui rasmi. Kuikloni Windows 10 leo ni kuhamia nyumba mpya na kodi iliyokwisha muda.

Wanaoogopa kupoteza leseni wana woga usio na msingi. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au zaidi imebeba ufunguo wake ndani ya mazabodi. Za Windows 10 zilizokwisha kuaktivetiwa kihalali zinakumbukwa na Microsoft kwa mazabodi hiyohiyo. Diski ikibadilishwa, ukaweka toleo lilelile, ikiunganishwa na intaneti inajifungua yenyewe. Za Windows 7 zina stika chini ya mashine, kama haijasuguliwa na meza.

Gharama yake halisi ni bando. Faili la kupigia Windows ni gigabaiti 5 au zaidi, na baada yake masahihisho, na baada yake Office. Kwa mtu anayenunua bando la siku hilo si jambo dogo, na ndiyo maana mafundi wetu wanazunguka na flashi zilezile zenye Windows walizopeana mkono kwa mkono, ambazo hakuna ajuaye zimechanganywa na nini. Ningependa kuona mafundi wa mtaa mmoja wakichangia bando, wakipakua faili kutoka kwa Microsoft wenyewe, na kuligawa likiwa safi. Linux Mint au Ubuntu nazo zinakaa kwenye flashi moja, hazidai leseni, na kwenye laptopu ambayo Windows 11 imeikataa zinafanya kazi za kuandika, kuprinti na kuingia mtandaoni bila shida. Waliowahi kuitumia Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, watakumbuka kwamba njia hii ya programu za bure haikuanza jana.

Kwa hiyo nani akloni? Turudi kwenye kile kisichopatikana tena. Picha za harusi na barua za wateja hazihesabiwi hapa. Hizo ni faili, zinanakiliwa kwa njia yoyote. Tunazungumzia programu. Kuna duka la jumla lina programu ya hesabu iliyowekwa na kijana aliyehamia Mwanza, CD haipo, namba ya leseni haipo, na ndani yake kuna madeni ya miaka sita. Kuna steshenari yenye mashine kubwa ya fotokopi ya zamani, ambayo draiva yake ilitoka kwenye CD iliyovunjika. Kuna shule ambayo programu ya matokeo ilitengenezwa na mwalimu mmoja kwenye Access, na mwalimu keshastaafu. Hawa wakloni, na wakishawaka salama, waanze siku hiyohiyo kutafuta namna ya kutoka kwenye utumwa huo. Draiva peke yake ina njia rahisi zaidi: Windows 10 ina amri ya pnputil inayotoa draiva zote zilizowekwa na kuzihifadhi kwenye folda, ukaja kuzirudisha kwenye window mpya. Mwenye fotokopi akijua hilo hana tena sababu ya kukloni.

Mwanafunzi, mwalimu, mwenye laptopu ya nyumbani na steshenari ya kawaida wapige window mpya. Hawana kitu kwenye C kisichopatikana kwingine, ila mazoea.

Nimewasikia wakisema SSD "inaisha". Inaisha, kwa hesabu ya kuandika. Kingston A400 ya gigabaiti 240, mojawapo ya zinazouzwa sana, imepimwa terabaiti 80 za kuandikwa. Mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa ofisi, anahitaji takriban miaka kumi na mmoja kufika hapo. Kinachostahili woga zaidi ni namna inavyokufa: hadidiski mara nyingi hulia tik-tik kabla, SSD inaweza kunyamaza ghafla, hasa baada ya umeme kukatika ikiwa inaandika, na kuirudishia data ni kazi ngumu kuliko hadidiski. Tena si ghala la kufungia kabatini. Kipimo cha kiwanda kwa SSD za kawaida ni kwamba iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake ishike data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30 za joto, na Tabora nyuzi 30 ni mchana wa kawaida.

Hapo ndipo hadidiski ya zamani, ile nzima, inapopata kazi mpya. Kwenye laptopu yenye mahali pa DVD, toa DVD ambayo hakuna anayeitumia, weka kile kifremu cha kubebea diski, milimita 9.5 au 12.7 kwa unene, pima kwanza. SSD ikae kwenye nafasi kuu na ibebe mfumo, hadidiski ikae pembeni na ibebe faili. Isiyo na mahali, iwekwe kwenye kasha la USB. Iache bila kuifuta mwezi mzima, kwa sababu siku ya kumi na tano ndipo mtu anapokumbuka alikuwa na folda moja sehemu fulani.

Kama unaiuza, hilo ni jambo jingine. Diski ya steshenari ina vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kidato cha nne, wasifu na namba za simu za watu ambao hawakukuruhusu kumpa mtu mwingine. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika Tanzania, na kufomati kwa haraka hakufuti kitu, kunachana tu ukurasa wa yaliyomo. Hadidiski iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho, au ipasuliwe kwa nyundo.

Na ukienda kwa fundi kesho, kabla hajashika bisibisi, muulize jambo moja: "Kaka, faili zangu unaziweka wapi kwanza?" Akikuonyesha diski ya pembeni, mwachie mashine. Akikujibu "usijali", beba laptopu yako urudi nayo nyumbani.